Peugeot, Harusi na Mpira wa Pili

Jumatano, 6 Juni 1990

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mama Keza, mwenye nyumba wangu, anasoma Kinyarwanda na Kifaransa tu, na huwa anaingia chumbani kwangu akisingizia kufagia.

Habari kubwa! Jumamosi Keza anaolewa, na gari la kumbeba halijapatikana. Kwenye kiti cha mbele atakaa mpwa wa Mama Keza, Winifred, mwalimu. Kicheko chake wiki iliyopita kilinifanya nishone mkono wa koti kwenye shingo.

Gari ninalo, Peugeot ya marehemu baba mdogo. Tatizo ni jirani, Silvère. Ana Corolla. Anaiosha kila asubuhi huku akinitazama!

Nimemwambia Mama Keza kwamba Peugeot iko tayari. Akasema inatoa moshi. Nikasema ni oili tu, nitaibadilisha mwenyewe pamoja na filta, hapa hapa uani. Akanionyesha sementi mpya aliyomwaga kwa ajili ya wageni. Akasema likidondoka tone moja tu, Keza atapanda Corolla.

Tone moja! Ananiambia mimi, fundi cherehani wa Nyamirambo, ninayeshona satini nyeupe bila kuacha alama ya kidole!

Alhamisi, 7 Juni

Nimenunua filta kule Nyabugogo. Silvère aliuliza kama naijua kazi hiyo. Nikamjibu kwamba gari na koti ni mamoja, vyote vina ndani na nje. Akarudi kuosha Corolla yake. Nimemweza.

Ijumaa, 8 Juni

Saa tatu asubuhi nilitandika magunia, nikaingia chini ya gari. Oili ya zamani yote ikaingia kwenye beseni. Filta ikagoma. Nikaizungushia kipande cha jinzi, ikalegea. Nikaivika mfuko wa nailoni, ikatoka na uchafu wake wote humo humo. Hakuna tone! Mama Keza aliinama, akakagua, akasema kumbe Gakwaya ana akili. Winifred akasema hajawahi kuona mwanamume mwangalifu hivi. Mwangalifu! Mimi!

Jambo dogo tu. Mpira wa duara wa filta ya zamani, ule wa kuzuia oili isivuje, ulibaki umeganda kwenye injini, na filta mpya ilikuja na wake. Nikawaza kifundi. Koti lenye bitana mbili halipitishi baridi. Nikauacha wa zamani, nikafunga filta mpya juu yake. Nikajaza oili mpya. Nikaondoa magunia ili sementi ionekane ilivyo safi. Nikawaita wote, hata Silvère. Nikawasha.

Oili ilitoka kwa nguvu! Sementi, ukuta, viatu vya Silvère (hivyo havikuniuma sana). Mama Keza akapiga kelele, Mana yanjye, Mungu wangu! Silvère akachungulia, akasema polepole kwamba mpira wa zamani hutolewa kwanza. Wivu ule! Winifred alicheka mpaka akakaa chini. Mama Keza akamgeukia Silvère, akamuuliza Corolla inahitaji petroli kiasi gani.

Nimeumia. Nimeumia kweli.

Doa limekataa sabuni, limekataa majivu. Tangu adhuhuri niko kwenye cherehani, naunganisha mabaki yote ya vitambaa niliyonayo. Zulia. Angalau wageni wasilione doa.

Jumamosi, 9 Juni

Keza kapanda Corolla. Winifred kakaa mbele, kando ya Silvère. Nikajificha nyuma ya masufuria ya wali.

Lakini waliporudi, maharusi walisimamishwa juu ya zulia langu! Wageni wakauliza nani kashona. Winifred akanitafuta mpaka kwenye masufuria, mkononi ana Fanta mbili. Alisema jana alicheka, ndiyo, lakini mtu mwingine angekimbia, mimi nikakaa nikashona. Tukakaa pamoja mpaka ngoma zikaisha. Corolla ni nini!

Jumapili, 10 Juni

Winifred ameniomba nimshonee mapazia ya nyumba ya baba yake, huko Gahanga. Mapazia! Nani hawezi kushona mapazia? Baba yake ana Renault ambayo haijabadilishwa oili tangu Krismasi. Uani kwao kuna sementi. Nimemwahidi kwamba Jumamosi nakuja na filta, na mzee hataona tone.

Kosa la Peugeot nimeshalichunguza, na Silvère hajui kitu. Mipira miwili haikutosha. Nimenunua wa tatu.