Yah: Ombi la Kumwondoa Fisi Miguuni pa Marehemu Bibi Zipora

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Sanamu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Castory Mazengo, msimamizi mstaafu wa vibarua wa zabibu hapa Makutupora. Sipingi Bibi Zipora kujengewa sanamu. Miaka ishirini alivuna zabibu chini yangu huku akiwasimulia wenzake hadithi, na hakuna aliyekumbuka kuchoka. Ninayempinga ni yule fisi aliyelazwa miguuni pake.

1. Fisi yule ni mimi. Katika hadithi za marehemu, fisi alikuwa msimamizi wa shamba, mwenye kitambi na filimbi, aliyeiba zabibu hadi akatumbukia kwenye pipa la mvinyo. Vibarua walicheka huku wakinitazama. Nilivumilia, kwa kuwa maneno hupeperuka. Saruji haipeperuki.

2. Jumapili tukitoka ibadani, watoto humpigia fisi magoti: "Shikamoo, Mzee Castory!" Nikipita mimi, kimya. Nikiwauliza adabu iko wapi, hujibu, "Tumeshakusalimia pale."

3. Mke wangu, Dorkasi, nikimwomba aniongezee nyama, husema, "Baba Abeli, kumbuka pipa."

4. Wiki ya mwisho ya marehemu nilikwenda hospitalini kumsihi. "Zipora, mtoe basi huyo fisi kwenye pipa." Alicheka hadi akakohoa. "Njoo kesho, msimamizi, nitamtoa." Nilipofika kesho yake, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaniuliza nina mgonjwa gani. Kwa hiyo, kwa mujibu wa hadithi, hadi leo nimo ndani ya pipa.

Kutokana na hayo, naomba fisi avunjwe kabla ya mwezi huu kwisha. Ikishindikana, nami nijengewe sanamu, nikiwa mtu, na iwe ndefu kuliko ya Zipora. Hilo nalo likishindikana, Kamati ipite na kipaza sauti mtaa kwa mtaa ikitangaza kwamba Castory hapendi zabibu.

Nisalimie wajumbe wote, na mchongaji pia, ambaye nyumba yake naifahamu.

Ni mimi, binadamu,
Castory Mazengo

Baada ya kusaini: Jana nilikwenda kumpima fisi ili niwaandikie vipimo vya kuvunjia. Watoto wakanizunguka, wakauliza alitokaje kwenye pipa. Hakuna mwingine wa kuwajibu, nikaketi mgongoni kwake nikaanza kuwasimulia. Mama zao walipokuja kuwaita, hata mkia ulikuwa haujatoka. Watoto wanasema watarudi na wenzao. Tafadhali, fisi asiguswe. Bado namtoa, na sina haraka.