Kuhusu Kung'olewa kwa Kibao cha Majaribio ya Ngano Shambani Kwangu

Bloku 1418, Bonde la Yaqui, Sonora
9 Aprili

Mheshimiwa Mhandisi Nidia, Mkuu wa Viwanja vya Majaribio (ambaye pia ni mpwa wangu, lakini leo naandika kiofisi),

Mimi ni mtu ambaye nusu ya dunia inakula kwa sababu yake, ingawa nusu hiyo bado haijaambiwa. Kwa miaka sita mmepanda aina zenu hamsini za ngano kwenye kona ya shamba langu, ili mjue ipi itastahimili hali ya kila nchi. Sasa nimepokea karatasi yako kwamba kiwanja changu kimetolewa kwenye orodha na kibao kitang'olewa Jumatatu. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, nikakaa tena.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi inasema kiwanja changu "hakitofautishi aina", yaani zote hamsini zilizaa vizuri. Tangu lini kuzaa vizuri kukawa kosa? Mimi shule niliishia darasa la nne, la tano nililionea dirishani, lakini najua mwalimu akifaulisha watoto wote hamsini hupewa zawadi. Mimi nafukuzwa.

2. Badala yangu mmemchukua jirani yangu Wenceslao. Shamba lake lina chumvi hata kunguru wakipita juu yake wanabeba chakula chao. Nilimwuliza fundi wako wa vipimo, naye bila haya akanijibu, "Mjomba Beto, kwa Wenceslao ngano dhaifu inakufa na ngumu inabaki. Ndivyo tunavyojua ipi ya kuwapelekea watu." Nikamwambia, kumbe mlikuwa mnatafuta machinjio, mngesema mapema. Na Wenceslao mwenyewe, pale kwa kinyozi, mbele za watu: "Beto, shamba lako ni hoteli! Ngano zinakuja kupumzika!" Watu walicheka mpaka kinyozi akanikata sikio.

3. Kama ni ubaya mnaoutaka, natangaza rasmi kwamba shamba langu ni baya kuliko la Wenceslao, na nina hasira kwamba ubaya wangu haujatambuliwa. Joto langu la Machi huoka mkate ungali kwenye suke. Kutu ya majani, ule ugonjwa wa ngano, nikipita katikati yake suruali hubaki ya rangi ya machungwa mpaka Krismasi. Upepo wangu ulilaza ngano, ukalaza uzio, ukamlaza na nyumbu wangu wa mizigo, naye hakuamka kwa siku mbili kwa jinsi alivyolazwa vizuri.

4. Nasikia kila kiangazi mnapeleka mbegu milimani Toluca zikapigwe na baridi, na nyingine mnazipeleka mpaka Njoro, Kenya, zikapambane na kutu ya shina. Kwa nini mnajisumbua? Kona yangu ya kaskazini ni Toluca kamili. Kuku aliyelala kule alitaga barafu. Penye mtaro ni India. Nyuma ya choo ni Uturuki. Kwa hiyo naomba mfunge viwanja vingine vyote duniani, mbaki na changu.

5. Hapa naacha uofisi kidogo, Nidia. Unamjua mama mkwe wangu, bibi Eduviges. Siku ya harusi yangu alisema mbele ya padri, "Huyu hatafika popote," na akalisema kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa, huku anakula nyama yangu ya kuchoma. Mlipochomeka kibao kile chenye jina langu, alikisoma, akakisoma tena, akarudi kwenye nyama. Miaka sita sasa hajalisema. Jumatatu mking'oa, Jumapili inayofuata ataendelea pale alipoishia. Mjomba wako nitaweka wapi uso?

Kwa hayo naomba kibao kibaki, kikuzwe, kisomeke kutoka barabara kuu, na jina langu liwe juu ya jina la ngano.

Nasaini kwa heshima zote, na kwa kalamu ya kuazima. Msalimie mama yako na umwambie zile tortila zake, chapati za ngano pana kama shuka, bado tunazisubiri. Wasalimie wote hapo kituoni, isipokuwa yule fundi. Yeye msalimie nusu.

Mjomba wako,
Heriberto (Beto) Armenta

Nyongeza: Mliagiza kiwanja kinyweshwe mara moja tu wakati wa kupanda, kisha kiachwe na kiu. Nilitii kwa wiki saba. Kisha aina namba thelathini na moja ikaanza kukunja majani, imeinama kama mtoto aliyenyimwa chakula, inaniangalia. Nikafungua mfereji. Kidogo tu. Mwaka uliofuata pia, na miaka yote sita. Siwezi kukaa nakitazama kitu kikinyauka, Nidia, hata kwa sayansi. Basi ng'oeni kibao. Ila kama ile thelathini na moja mmekwisha kuipeleka nchi yoyote kwa sifa nilizoipa mimi, waandikieni watu wa huko, waambieni wasithubutu kuiacha na kiu.