Mashimo Mia Tatu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Machi 2025
Siamini! Walburga, fundi ngozi mwenzangu, ameomba cheti cha ngozi isiyoharibu mazingira. Cheti ni kimoja tu Mbinga nzima. Atakayekipata atashona viatu vya mradi wa shule. Mimi nikikikosa, Beatha amesema wazi: nirudi Mbamba Bay kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na mjomba. Mke wangu wa ndoa! Mkaguzi anakuja Ijumaa. Masharti: ngozi isindikwe kwa magome ya miti ya miwati, bila kemikali, na maji machafu yachujwe kwenye mashimo. Magome huchukua wiki sita. Walburga ameloweka tangu Januari. Mshamba!

Jumanne, 11 Machi
Nimepata kromu. Siku mbili tu, ngozi tayari. Ni kemikali, ndiyo. Nitapaka maji ya magome juu, nani atajua? Nikaanza kuchimba shimo la kuchujia. Mgongo! Nikainua macho. Mungu wangu! Mlima mzima wa mama mkwe una mashimo, kama mia tatu hivi. Wamatengo wanayaita ngoro. Maharage yamepandwa kwenye kingo, ndani hamna kitu. Nimeishi hapa miaka minne sijaona utajiri huu!

Jumatano, 12 Machi
Nilimwamkia mama mkwe Theodosia, nikaomba kuweka maji kidogo kwenye ngoro zake. Akasema haina shida, baba, zimechimbwa kwa ajili ya maji. Hakuuliza maji gani. Nikamwaga madebe ishirini na mawili ya maji ya kromu kwenye mstari wa juu.

Alhamisi, 13 Machi
Ngozi zimekuwa bluu! Bluu! Yule muuzaji hakusema. Nimepaka magome, zikawa zambarau. Nimepaka matope, zikawa zambarau zenye matope. Nimezificha kwenye shimo la juu kabisa, nikafunika nyasi. Mkaguzi nitamwonyesha kipande cha viatu vyangu vya harusi, vya kahawia kama ngozi ya magome. Nimeshakata kimoja.

Ijumaa, 14 Machi
Mkaguzi, Mama Flavia, alikuja na gambuti. Nikamwonyesha mlima: mashimo mia tatu ya kuchuja! Akaniuliza kwa upole mimi ni mtu wa wapi. Nikasema wa ziwani. Akasema yeye ni Mmatengo wa Litembo, na ngoro amezichimba tangu darasa la pili.

Papo hapo mvua ikashuka. Mvua gani ile! Shimo la juu likajaa, likamwagikia la chini yake, nalo la chini yake. Maji ya bluu! Kisha ngozi zangu, moja moja, zikateremka kwenye maharage mpaka miguuni kwa mama mkwe, aliyekuwa anamletea mgeni chai. Akapiga yowe. Hakunitukana. Alitua birika, akachukua jembe, akaanza kukata mfereji ili maji yasifike kijitoni. Mama Flavia akaingia shambani kumsaidia. Walburga akaja mbio na koleo. Mimi nilisimama na kiatu changu kimoja.

Jumapili, 16 Machi
Cheti amepewa Walburga. Maharage ya mistari minne yamenyauka. Kanisani mama mkwe alinisalimia, akaniita baba kama kawaida. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimeapa mbele ya altare: sitagusa kemikali tena maishani. Beatha amenifungia begi.

Jumanne, 18 Machi
Mbamba Bay. Nimeanika usipa siku nzima. Jioni nikaona akina mama wanachuna kambale na kutupa ngozi. Wanatupa! Ngozi ya samaki! Walburga hajawahi hata kuota! Nimeshapiga simu, kromu inakuja na basi la kesho. Mazingira nimeyazingatia kabisa safari hii: nimemwomba mjomba anionyeshe wanapochota maji ya kunywa. Maji yangu ya kromu nitayamwaga hatua kumi kushoto.