Taa Zangu Zimemuua Baba kwa Nusu Saa

Jamani, aibu ya leo sijui niiweke wapi. Naandika nikiwa nimejificha nyuma ya jiko. Someni hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Leo ilikuwa siku ya yaya Mireille, dada yangu mkubwa. Familia ya Patrick, mchumba wake, ilikuwa inatoka Tenke kuja kujitambulisha kwetu hapa Manika, saa tisa kamili. Mnajua siku hiyo ilivyo. Wazee wa upande wao wanaitazama nyumba kuanzia mlangoni hadi darini, na wakiondoka na mashaka, habari ya mahari inaishia hapo.

Mama aliniachia kazi moja. Moja tu! Nifagie sebule na kufuta viti. Kisha akaenda kupika kwa shangazi, mtaa wa pili. Mireille alikuwa kwa msusi. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku mgodini, amelala chumbani.

Sasa mimi nimemaliza chuo kikuu na sijapata kazi, kwa hiyo nina muda mwingi wa kufikiri (huo ndio ugonjwa wangu). Wiki tatu nzima nimekuwa nikisoma kwenye simu kuhusu taa za nyumbani. Mlijua kwamba balbu moja katikati ya dari inaiharibu sebule? Inawatia wageni vivuli chini ya macho, wanafanana na watu wanaohojiwa na polisi! Mwanga mzuri unatoka sehemu tatu: juu, ukutani, na chini karibu na sakafu. Uwe wa manjano laini. Na ukuta uwe mweupe, ili uurudishe mwanga kwa watu.

Sebule yetu ina balbu moja katikati. Ukuta wake ni wa kijani kizito. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Niliwaza: wazee wa Tenke wakimwona Mireille mle ndani watadhani anaumwa.

Nilikuwa nimeshajiandaa. Chini ya kitanda changu kulikuwa na mkanda wa taa kutoka sokoni, ule unaobandikwa, wenye telekomandi ndogo ya vitufe vya rangi. Nilikuwa pia na taa mbili nilizozivika vikapu, kazi ya mikono yangu, na kamba ndefu ya balbu ndogo.

Saa nne nikaanza. Nikatoa viti vyote nje. Nikatoa meza, televisheni, kabati la vyombo. Vyote uani. Nikatandika mikeka sakafuni ili vumbi la dari lisichafue sementi. Nikachukua mashuka meupe ya mama, yale ya wageni, nikayatundika kufunika ukuta wa kijani. Kila kitu kimya kimya, kwa kunyata, ili nisimwamshe baba.

Kutoboa dari kulinimwagia vumbi usoni. Macho yakawa mekundu kama nyanya, machozi yanatiririka.

Halafu nikawasha.

Jamani! Mwanga ulishuka juu ya yale mashuka kama asali. Vikapu vilichora maua ukutani. Sebule ileile ya kijani! Nilisimama katikati ya mikeka nikasema moyoni, Mireille ameolewa tayari.

Nikatoka nje kufunga ile kamba ya balbu kutoka geti hadi mlangoni, ili wageni waongozwe na mwanga. Ilikuwa bado mchana, lakini niliziwasha kuzijaribu. Hapo Mama Béa, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta. Akatazama viti vilivyopangwa uani. Akatazama balbu. Akatazama mlango uliokuwa wazi, mikeka, mashuka meupe. Akatazama macho yangu. Akaniuliza baba yuko wapi.

Nikaweka kidole mdomoni kumwomba asipaze sauti, nikaonyesha dirisha la chumbani.

Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijiuliza pia, tena sana! Nikafikia uamuzi kwamba ameona doa kwenye mashuka. Nikatumia nusu saa nzima kutafuta hilo doa.

Bado nalitafuta, wakaingia akina mama wa kikundi cha sala cha baba. Kumi na wawili hivi. Vitambaa kichwani, vitenge vimefungwa kiunoni. Wakavua viatu mlangoni, wakaketi juu ya mikeka kimyakimya, miguu wameinyoosha.

Nikafurahi! Nilidhani mama amewatuma waje kusaidia, nao wameamua kwanza kuziona taa. Nikawaeleza yote: sehemu tatu, mwanga laini, kazi ya vikapu. Nikawabadilishia rangi kwa telekomandi, kutoka manjano hadi buluu, kisha nikarudisha. Walinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Mama mmoja mzee akanishika mkono.

“Mutoto yangu, acha ile bitu. Kuya uikale na sisi.”

Kisha akaanza kulia. Mwingine akafuata. Nikawaza, kweli mwanga unagusa mioyo ya watu, kwenye simu walisema. (Mnisamehe. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.)

Wakaanza wimbo. Ule wimbo! Ule unaoimbwa jeneza likiwa mlangoni. Nikatoka uani, nikakuta wanaume wanane wamekaa kwenye viti vyetu, vichwa chini, na mmoja wao anashusha gunia la makaa kutoka kwenye pikipiki. Viti nje, mikeka ndani, mashuka meupe, balbu uani. Kwetu huku hata mtoto mdogo anajua nyumba inayofanywa hivyo imepatwa na nini. Mimi peke yangu nilikuwa nimeiita mapambo.

Na hapo hapo basi dogo kutoka Tenke likasimama getini.

Wakashuka na kreti zao za vinywaji, wamevaa vizuri, wanacheka. Wakasikia kilio. Kicheko kikakatika. Tata Kasongo, mjomba wa Patrick aliyekuwa msemaji wao, akanong’onezwa jambo na mmoja wa wale wanaume wa uani, akavua kofia. Patrick mwenyewe aliegemea basi kama mtu aliyepigwa na jua.

“Tulikuya kuomba muke,” tata Kasongo akaniambia polepole. “Mu kilio habaombake muke. Tutarudia kisha matanga.”

Nikaona harusi ya dada yangu inapanda tena kwenye lile basi. Nikamshika mkono, nikamwambia hakuna aliyekufa, ni taa tu, ni mapambo! Akanipapasa bega, akawaambia wenzake waninyweshe maji. Nikamuuliza sasa wao wameambiwa amekufa nani.

“Papa yako.”

Sasa sikilizeni mtu aliyesoma chuo kikuu. Mimi niliyetandika ile mikeka, mimi niliyetundika yale mashuka, nilianza kuwaza: lakini tangu asubuhi baba hajakoroma. Baba hukoroma kila siku! Watu ishirini hawawezi kukosea wote. Pengine Mama Béa aliona kitu kupitia dirishani. Pengine mimi nilikuwa natoboa dari wakati baba anakata roho.

Nikaingia ndani mbio, nikajitupa katikati ya akina mama, nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimwita baba kwa majina yake yote.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba akasimama pale, taulo kiunoni, uso umevimba kwa usingizi.

“Munalilia nani mu nyumba yangu?”

Nilipogeuka nikaikalia telekomandi. Taa zote zikaanza kupepesa: nyekundu, kijani, zambarau, nyekundu, na baba katikati yake na taulo lake. Akina mama kumi na wawili walipita kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mama mzee aliyenishika mkono ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika getini.

Mama yangu alifika dakika hiyo hiyo akikimbia, mwiko mkononi, maana watu watatu walikuwa wamempa pole njiani. Alimwona baba. Akanitafuta mimi kwa macho. Nikamwelewa.

Aliyetuokoa ni tata Kasongo. Alimtazama baba, akatazama zile taa zinazopepesa, akaketi chini na kucheka hadi akaomba msaada wa kupumua. Alisema mkwe aliyefufuka kwa ajili ya wageni wake hawezi kukataliwa. Mazungumzo yalifanyika uani, kwenye jua la Mungu, kwa sababu hakuna aliyekubali kuingia sebuleni. Baba alivaa suti. Mireille akaitwa, akakubali, wakapiga vigelegele, tarehe ya mahari ikapangwa.

Upande wao waliweka sharti moja tu: siku ya harusi, mimi nisiguse ukumbi. (Nilikuwa nimeshauchorea mpango!)

Kwa hiyo ndugu zangu, pambeni sebule zenu kwa taa, ni nzuri mno, nawaapia. Ila kabla ya kuwasha, mkalisheni kwanza baba mlangoni, watu wamwone.