Hotuba ya Mheshimiwa Arumainayagam Kuhusu Muswada wa Kuketi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika ila amemtuma msaidizi wake. Mheshimiwa msaidizi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye naambiwa yuko njiani. Ndugu Inspekta wa Polisi, ambaye yupo, na nashukuru kwamba leo yupo kwa heri. Mzee wetu Sethuraghavan, mwenye duka la sari la Valampuri na rais wa Chama cha Wafanyabiashara wa hapa Poonkulam. Wenye maduka ya vyombo, ya viatu, ya peremende na ya dhahabu. Wenye ukumbi huu wa harusi, waliotukaribisha mara tu bwana harusi wa asubuhi alipomaliza kula. Bwana fundi wa vipaza sauti. Akina mama mlionipigia kura. Akina baba ambao hamkunipigia kura nami nimewasamehe kwa kiwango kinachostahili. Na ninyi akina dada wauzaji mliosimama kule nyuma ukutani: itifaki, ambayo nilianza kuizingatia tangu nikiwa garini, sasa imekamilika. Vanakkam, salamu kwenu nyote!

(Makofi. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Fundi anakipiga kofi, kinanyamaza.)

Ndugu wadau, mimi mbunge wenu katika Bunge la Jimbo, Dakta Arumainayagam, udaktari wa heshima niliotunukiwa na chuo ambacho kwa sasa kinatafuta majengo, nimesimama mbele yenu kuzungumzia jambo zito, pana, refu na lenye kina, nalo ni kukaa chini.

(Vicheko.)

Kama mjuavyo, kwa kuwa nimekuwa nikilisema kila mahali penye kipaza sauti, katika Bunge letu kuna muswada unaosubiri kupitishwa, uitwao Muswada wa Uboreshaji Endelevu wa Mkao wa Wafanyakazi wa Madukani na Mambo Mengine Yanayofanana na Hayo, ambao wananchi wanauita Muswada wa Kuketi, na ambao utamtaka kila mwajiri, awe anauza hariri au masufuria, amwekee kila mfanyakazi wake kiti, na amruhusu kukikalia pale ambapo hana mteja wa kuhudumia. Msione ni jambo dogo! Upembuzi yakinifu uliofanywa na ofisi yangu umebaini kwamba asilimia mia moja ya wafanyakazi waliokutwa wamesimama hawakuwa wamekaa, na kwamba waajiri walio wengi, walipohojiwa kuhusu changamoto hiyo, walihojiwa wakiwa wameegemea mto.

(Vifijo kule ukutani. Wenye maduka, walioketi mbele kwenye viti vyekundu vya maharusi, wanajikunakuna. Bwana Kaliappan, muuza vyombo vya stili, anasimama: "Mheshimiwa, duka langu jembamba kama ujia. Nikijaza viti, wateja wapite wapi? Juu ya masufuria?")

Hilo ni swali zuri sana, Bwana Kaliappan, na kwa sababu ni zuri sana sitalijibu sasa, bali nitaliundia kamati ndogo.

(Kaliappan: "Basi mimi nasema hivi, na mnisikie wote. Muswada ukipita, nitanunua viti. Usipopita, wasichana wangu watasimama kama mama zao walivyosimama. Sitoi kitu kwa ajili ya uvumi!" Wenye maduka kadhaa: "Hata sisi!" Kule ukutani msichana mmoja wa duka la vyombo anahamishia uzito wake kwenye mguu wa pili.)

Uvumi! Bwana Kaliappan, uvumi haukati utepe, na mimi nimekata tepe nyingi. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa kutaka kuona, hebu nikusimulie yaliyotokea Valampuri, na wenyewe wapo hapa, nikikosea wanisahihishe, ingawa sina desturi ya kukosea.

Mnaifahamu sheria ya zamani ya Valampuri. Muuzaji hakai. Kuanzia milango inapofunguliwa hadi inapofungwa, akina dada walisimama nyuma ya kaunta wakikunjua sari na kuzikunja, wakikunjua na kuzikunja, na aliyeegemea ukuta aliitwa jina lake kutoka kwenye meza ya fedha hadi ghorofa nzima ikasikia. Miongoni mwao alikuwamo dada yetu Sivagami, ambaye aliingia pale akiwa mchumba wa mtu na leo ni mama mkwe. Jioni, akiwa kwenye basi, alikuwa akivua kandambili zake, na akifika kituoni haziingii tena, miguu imevimba, anazishika mkononi na kwenda nyumbani peku. Dada Sivagami, nyanyua mkono wakuone!

(Sivagami, mwanamke mnene mwenye maua ya asumini kichwani: "Mkono wa nini, Mheshimiwa? Kinachouma ni miguu!" Ukumbi unalipuka kwa vicheko. Wenzake: "Akka, dada yetu mkubwa, waambie!")

Sasa, Mzee Sethuraghavan alinisikia nikiutangaza muswada huu siku nilipozindua ghorofa yake mpya, naye, kwa kuwa ni raia mwema na pia mwoga kidogo wa wakaguzi, akaagiza vigoda vya plastiki vya rangi ya bluu, akavipanga nyuma ya kaunta, kisha akatoa waraka kwa mdomo: "Msivikalie! Hivyo ni vya mkaguzi." Basi vikabaki vimefungwa nailoni zake, na akina dada wakasimama kando yake.

(Sivagami: "Hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi! Zamani hapakuwa na pa kukaa, unajisahau. Sasa kigoda kiko hapa, kinakutazama mchana kutwa kama mbuzi!")

Kama mbuzi, naomba makarani waandike. Ikafika wiki ya sikukuu ya Deepavali. Duka limejaa, wateja wanapigana viwiko, joto, marashi, watoto wanalia. Sivagami akakunjua sari, akaikunja, akakunjua nyingine, na goti likamwambia imetosha. Akakaa. Ile nailoni ikalia kwaruu! Ghorofa nzima ikageuka. Mzee akatoka kwenye meza ya fedha amekunja veshti yake, shuka lake la kiunoni, hadi magotini, kama mtu anayevuka mto.

"Sivagami! Nani kakwambia ukae?"

"Sheria, Ayya."

"Sheria haijapita!"

"Ndiyo maana nimekaa, Ayya. Naisubiri ipite."

(Vicheko visivyokoma. Mzee Sethuraghavan mwenyewe anacheka hadi miwani inamdondoka. Inspekta anamwokotea.)

Mzee akafungua kinywa atamke neno ambalo lingeleta mgogoro wa kikazi, lakini kabla halijatoka, bibi mmoja wa shamba, aliyekuja kuchagua nguo za harusi ya mjukuu wake, akavuta kigoda cha pili, akajitupa juu yake, akashusha pumzi kama tairi, akasema, "Na mimi naisubiri. Mwanangu, nionyeshe ile ya zambarau." Wakakaa goti kwa goti, sari imetandazwa mapajani mwao wote wawili. Bibi yule, kumbe ana nyonga mbovu, na kwa kawaida huangalia nguo mbili tatu kisha akakimbilia nyumbani kujilaza mkekani, hakuinuka mpaka alipowanunulia nguo bibi harusi, mama zake, shangazi zake na jirani ambaye hata hakualikwa. Wateja wengine wakaanza kusema, "Na sisi tunataka kuhudumiwa kule kwenye vigoda." Mzee wetu akabaki ameegemea nguzo. Kisha, kwa mujibu wa taarifa nilizonazo, macho yake yakapata unyevunyevu.

(Mzee Sethuraghavan: "Sema nililia, Mheshimiwa. Usizungukezunguke.")

Mzee alilia, kwa kufuata taratibu zote.

(Mzee anasimama, anageukia wenzake. "Mimi nimemwona huyu mama kila siku, kuanzia kaunta kwenda juu. Uso, mikono, maua. Siku ile alipokaa akanyoosha miguu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona. Jamani! Ilikuwa imeumuka kama unga wa vitumbua vya idli. Nikajiuliza, nilidhani anasimamia nini, magurudumu?" Anakaa. Hakuna anayecheka. Sivagami anajifuta uso kwa ncha ya sari. "Ayya, usinilize mbele za watu," anasema, "nimejipaka wanja.")

Mzee akachukua mkasi siku ile ile, Bwana Kaliappan, akazichana nailoni zote kwa mkono wake. Sasa nawauliza, ni nani aliyefanya haya? Sipendi kujisifu, na ndiyo maana nimeileta picha yangu kubwa hapo nyuma inisifu kwa niaba yangu. Tangu muswada huu uanze kusubiri, tabasamu katika sekta ya sari limepanda kwa kiwango cha kuridhisha, maumivu ya magoti yameshuka kufikia kwenye vifundo, na wadau wa maendeleo wanakuja kujifunza kwetu, au watakuja, tukishawaambia.

(Makofi. Sivagami ananyanyua mkono safari hii. "Mheshimiwa, samahani. Mimi nina kigoda, Mungu ambariki Ayya wangu. Lakini hawa wenzangu wa vyombo na wa viatu bado wanasimama. Mabosi wao wamesema wazi wanangoja sheria. Hebu tuambie bila maua: muswada unapita lini?" Wasichana wa vyombo na viatu wanasogea mbele.)

Dada, swali lako limegusa moyo wangu na pia ratiba yangu. Muswada utapita katika kikao kijacho, au kile kitakachofuata, ukiondoa vikao ambavyo kwa sababu zisizozuilika havitakaa, baada ya kusomwa mara ya kwanza, ambayo hutangulia mara ya pili, ilimradi mchakato ukamilishe michakato yake. Sasa, kabla hamjauliza lingine, naomba wote mniitikie! Mkao bora!

(Ukumbi: "Mauzo bora!")

Mfanyakazi akiketi!

(Ukumbi: "Jimbo linasimama!")

Arumainayagam!

(Sauti moja, ya dereva wake: "Oyee!")

Yamebaki ya shukrani, nami leo furaha imenijaa hadi kooni, kwa hiyo sitamwacha mtu. Namshukuru dereva wangu huyo, Esakki, kwa sababu siku ile ya kuzindua ghorofa niliishiwa maneno jukwaani, watu wananitazama, naye akaninong'oneza, "Bosi, sema kuhusu viti, miguu inaniuma," nikasema kuna muswada, na mkapiga makofi ambayo sijawahi kupigiwa maishani. Nawashukuru wajumbe wa kamati ya muswada, ambao tukishawateua watafanya kazi nzuri sana. Namshukuru mwandishi wa sheria atakayeuandika. Na kwa namna ya pekee namshukuru Katibu wa Bunge, muungwana yule, ambaye kila akinikuta koridoni huniuliza kwa upole ni muswada gani huo ninaousema magazetini, maana yeye hajauona, wala msaidizi wake hajauona, wala, tukisema ukweli kati yetu, mimi.

(Feni za dari zinasikika.)

Nimesema nini?

(Kaliappan anaruka kutoka kwenye kiti. "Hakuna muswada! Jamani, mmesikia? Hakuna! Hakujawahi kuwa na kitu!" Wenye maduka wanaanza kupongezana. Wasichana kule nyuma wanatazamana. Mmoja wa duka la viatu ameziba mdomo kwa mkono. Watu wote wanamgeukia Mzee Sethuraghavan.)

(Mzee hana haraka. "Kwa hiyo hakuna mkaguzi," anasema. "Hakuna, Mzee wangu!" Kaliappan anamshika bega. "Vigoda vyako rudisha stoo!" Mzee anautoa ule mkono begani. "Vikae stoo, nani avikalie, panya? Sikia, Kaliappan. Ghorofa yangu mpya haina wauzaji wa kutosha. Nikiwaita wasichana wako waje waketi kwangu, watakuja wanatembea au wanakimbia?")

(Wasichana wa vyombo, kwa sauti moja: "Tunakimbia, Ayya!" Wa viatu: "Na sisi!")

(Kaliappan anatazama mbele, anatazama nyuma. Jasho limemtoka. "Nani kasema mimi sinunui?" anauliza. "Nimesema sinunui kwa uvumi. Huu si uvumi tena, hii ni... hii ni biashara." Anamwinamia Mzee. "Vile vya bluu ulivipata wapi? Kuna vyembamba?" Mwenye duka la viatu anamkanyaga akiwahi: "Mimi kwanza, Mzee, mimi kwanza!" Ukumbi unatetemeka kwa vifijo. Wasichana wanamkumbatia Sivagami hadi asumini zinapukutika. Mtu anapiga ngoma ya harusi iliyosahauliwa jukwaani.)

Asanteni! Asanteni sana! Jamani, inatosha, mtaniliza! Nilijua mtaupokea hivi! Na waambieni ndugu zenu wa majimbo mengine: kule kwao sheria huandikwa zisitekelezwe, ila ya Arumainayagam imetekelezwa bila kuandikwa!