Alama za X Kwenye Kona ya Mzee Bonifasi

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Naandika mapema kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa mtaa wa Misunkumilo, maana wao wataongeza chumvi. (Na haihitaji chumvi.)

Kwa wasiojua kazi yangu, kuna mtaro mkubwa wa maji ya mvua unataka kuchimbwa huku pembeni ya mji. Kabla kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, hakijaanza kuchimba, lazima ijulikane chini ya ardhi kuna nini. Mimi ndiye mratibu. Nawaita watu wa maji, watu wa umeme na watu wa simu, kila mmoja anaonyesha vitu vyake vilipolala, mimi naweka alama. Bluu ni maji, njano ni simu, nyekundu ni umeme. Kijiko kikikata waya mkubwa wa umeme, dereva anaweza asirudi nyumbani. Kwa hiyo ni kazi ya maana, na nimekuwa nikiringa nayo. (Kizibao changu cha kung'aa nakivaa hadi dukani kununua sukari.)

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Fundi wa umeme, dada mmoja anaitwa Skola, alitangulia na kile kifaa kinacholia kikikaribia waya. Mimi nyuma na kopo la rangi nyekundu. Shida ikawa vumbi. Mvua hazijaanza, ardhi unga mtupu. Nachora mstari, upepo unapuliza, mbuzi wanapita, mstari umekwisha. Tukafika mahali waya unapita karibu kabisa na kona za nyumba tano. Nikajiambia, kwa nini nihangaike na vumbi wakati kuta zipo? Nikaweka alama ukutani, nyumba zote tano. Alama yenyewe X. Kubwa, nyekundu, ya kuonekana na dereva akiwa juu ya mtambo.

Nyie mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Skola aliniuliza kama wenye nyumba wameambiwa. Nikamjibu kwamba simu ya mwenyekiti wa mtaa haipatikani, nitamwambia baadaye, na wenye nyumba wenyewe wako mashambani. Tukaenda mjini kula ugali na samaki, migebuka. Nilikula taratibu. Nikaongeza sahani.

Tunarudi saa nane, wenye nyumba wamesharudi, nikadhani kuna msiba. Vitanda nje, magodoro nje, kabati la vyombo katikati ya njia. Mama mmoja amefunga kuku miguu anawapakia kwenye bodaboda. Mwingine anakata ndizi ambazo bado changa kabisa. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia wamewekewa X, bomoabomoa inakuja. Nikauliza nani kaweka.

"Mwanaume mmoja," akasema, "ana kizibao kama chako."

Nikakivua.

Kuangalia juu, namwona Mzee Bonifasi yuko kwenye paa lake na nyundo. Huyu mzee wazazi wake walitoka Burundi akiwa bado anabebwa mgongoni. Amekulia kwenye makazi ya wakimbizi, akapata uraia akiwa mtu mzima, na hiyo nyumba ameijenga kwa tofali alizofyatua na kuchoma mwenyewe. Alikuwa ameshang'oa mabati tisa. Mke wake, Mama Nestori, anayapokea chini na kuyapanga. Na kule mashariki wingu limesimama, jeusi tii.

Nikamwomba ashuke. Akasema hana nafasi, watu wa kubomoa wakifika hawakuachii hata mlango. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimeshahamishwa mara tatu. Ukiwahi kuokoa bati, nyumba nyingine utajenga."

Hapo nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba hakuna anayebomoa, X ni zangu, na maana yake hapo chini kuna umeme. Mzee akaitazama kona ya jiko lake, akanitazama mimi.

"Umeme upi?"

"Unapita hapo chini, mzee. Kwenye kona."

"Mimi kwangu sina umeme. Mwaka wa pili huu naambiwa uko mbali."

Nikamgeukia Skola anisaidie. Skola alikuwa anakagua tairi la gari.

Mwenyekiti naye akaingia na bodaboda kutoka shambani kwake Litapunga, ambako mtandao hakuna. Alikuwa ameshasimuliwa njiani. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama rangi ilikuwa na haraka kiasi hicho hadi ikatangulia maneno. Kisha akaamua kwamba aliyesababisha apande, arudishe mabati kabla mvua haijashuka.

Sasa jamani, mimi na urefu hatuelewani. Nilipanda ngazi nimefumba macho. Mzee akawa ananielekeza kama mwanafunzi, Mama Nestori ananipa misumari. Bati la kwanza nililiweka kinyume, akaniambia nilitoe. La tatu nilijigonga kidole. La sita matone yakaanza, nami nikalikalia paa miguu huku na huku kama napanda punda, nagonga huku nasali.

Hapo ndipo gari la mradi lilipofika. Ndani yuko injinia, dereva wa kijiko, na wageni wawili waliokuja kukagua maandalizi. Injinia akashusha kioo, akatafuta kwa macho, akanikuta.

"Mratibu," akauliza, "mmemaliza kuweka alama?"

Kabla sijafungua mdomo, mtaa mzima ukajibu kwa pamoja:

"Amemaliza!"

Wageni walicheka mpaka mmoja akafungua mlango apate hewa.

Mabati yote yalirudi. Mvua ilipokolea tulikuwa barazani kwa mzee, nimelowa kama kuku aliyenyeshewa, naeleza upya, safari hii kwa watu wote, rangi ipi ina maana gani. Skola akaandika jina la mzee ili akaulize kule ofisini kwao habari ya huo umeme ulio mbali. X zitafutwa kesho, badala yake nitachomeka vijiti vyenye vitambaa. Mama Nestori akaninong'oneza kwamba hana kinyongo, maana bati la jikoni lilikuwa linavuja miaka minne na mzee hapandi. Leo kapanda.

Nilitegemea yaishie huko. Lakini mke wangu jioni alikwenda gengeni, muuza nyanya akamkaribisha, "Karibu Mama X." Tangu arudi hajanisemesha. Naombeni mmoja wenu ampigie simu amwambie haya mambo huwapata wengi, na tafadhali, acheke baada ya kukata simu.