Malalamiko Kuhusu Ndege Inayofika kwa Wakati

Kwa Papa Mkurugenzi,
Kampuni ya Ndege Tutafika.

Papa Mkurugenzi mheshimiwa,

Pokea salamu za mkulima ambaye hajawahi kupanda ndege yako, lakini imemtia hasara kuliko wote waliopanda. Mimi ni Hilaire, mume wa Nicole, baba wa Naomie na wadogo zake watatu, mwenye shamba la mahindi lililo kati ya uwanja wako mdogo wa ndege na msitu, huku kwetu Walikale, upande wa Omate. Nakuandikia kwa heshima zote. Hasira nimeiacha nyumbani, na Nicole anaitunza vizuri.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ndege yako imeanza kufika kwa wakati.

Tafadhali usicheke. Unajua mwenyewe kwamba abiria wako wa Kisangani huteremshwa hapa na ndege ya kwanza, wakangoja ya pili. Msimu uliopita kungoja huko kulikuwa kungoja kweli: saa sita, saa tisa, mara nyingine siku mbili. Hapa hakuna duka wala benchi. Siku moja mwalimu mmoja wa mjini, Mama Astrid, alichoka kukalia sanduku lake akanifuata na kuniuliza: "Papa, hapa kwenu hakuna ata kitu moja ya kuangalia?" Nikaona haya kwa niaba ya kijiji. Nikampeleka shambani kwangu kutazama tumbili, na abiria wengine wakamfuata wakiburuta mizigo yao kwenye matope. Juma lililofuata nilipigilia ubao kwenye mti: MBUGA YA WANYAMA, HUFUNGULIWA NDEGE IKICHELEWA. Kiingilio kilikuwa kupiga kelele.

Papa Mkurugenzi, kelele zile! Watu ishirini wenye viatu vya mjini, kila mmoja ameinua simu, wanaita "Makako! Ona makako ile!" Na tumbili wamebaki juu ya miti, hawajui nani amekuja kumtazama nani. Msimu mzima sikupoteza hata hindi moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona, na watoto wangu wakala hadi wakaanza kuchagua chakula.

2. Rubani wako mpya wa ndege ya pili, Papa Gakwaya.

Tangu aje, abiria hutoka ndege hii wakaingia ile kabla vumbi halijatua. Hata jina la kijiji hawaliulizi. Tumbili nao si wajinga. Zamani mngurumo uliwatisha. Siku hizi wakisikia ndege ya pili inaondoka wanajua mbuga imefungwa, wanashuka kula. Ratiba yako wanaijua kuliko wafanyakazi wako. Sisemi kwamba Papa Gakwaya ni mtu mbaya. Nasema haraka haraka haina baraka, na yeye inaonekana siku walipofundisha msemo huo alikuwa ameshaondoka.

3. Najua utaniuliza kwa nini Nicole asilinde. Tumbili hawamwogopi mwanamke, na jambo hili hata mtoto wa Walikale analijua. Nicole hutupa mawe, wao humtazama wakiendelea kumenya. Tulimvika suruali yangu na kofia. Siku ya kwanza walikimbia, siku ya pili wakautambua mwendo wake, na tangu hapo nadhani wanamdharau kuliko zamani. Tulisimamisha pia sanamu ya majani yenye koti langu la kanisani. Sasa wanalikalia. Jumapili ninasali bila koti, na mchungaji anafikiri nimeanza kulegea katika imani.

Basi ni mimi peke yangu niliyebaki. Tumelima kwa mikono, mahindi yamebakiza wiki tatu kukomaa, na hatuna akiba nyingine hadi msimu ujao. Naogopa, Papa. Naandika kwa utani kwa sababu nikiandika bila utani sifiki mwisho wa mstari.

4. Kwa hiyo naomba ucheleweshe ndege ya pili, Jumanne na Ijumaa, kwa muda usiopungua saa sita, hadi nitakapovuna. Ikiwa injini ni nzima, mafundi waichunguze hivyo hivyo. Hata mtu mzima wa afya hupimwa. Wakikosa ugonjwa, wapime tena. Ikishindikana, Papa Gakwaya aalikwe chakula na watu wanaohutubia kabla ya kula.

Kuhusu aina ya abiria, napendelea kwaya. Wafanyabiashara hulala. Wachungaji wanakaribishwa, ila waombe macho wazi, maana mmoja alituombea mvua kwa dakika arobaini, sote tumefumba macho, na tulipoitikia Amina mstari mzima wa mahindi ulikuwa umeshaondoka.

5. Ukiyakataa yote hayo, basi wasafirishe tumbili. Ni abiria wazuri: wanafika kiwanjani mapema, hawana mizigo, na chakula chao wamejibebea tumboni, kwa gharama yangu. Wateremshwe Kisangani, wakazi wa huko nao wapate mbuga.

Nasubiri jibu lako, lakini usiliharakishe. Litume kwa ndege iliyochelewa. Wasalimie mafundi, makarani, yule binti anayepima mizigo, na mama mzazi wa Papa Gakwaya, aliyemlea vizuri kupita kiasi.

Ni mimi, mlinzi wa mbuga isiyo na wageni,
Hilaire

Nyongeza: Papa Mkurugenzi, barua hii imenichukua siku mbili. Mwalimu Thierry, aliyeniazima meza ya shule, alisema barua ya mkurugenzi haiwekwi mkwaruzo hata mmoja, kwa hiyo nimeinakili mara nne. Nicole amekuja sasa hivi, akasimama mlangoni mwa darasa, hakuingia. Amesema: "Papa Naomie, makako imemaliza. Barua yako njo ilikula mihindi."

Nimekwenda kuona. Ni kweli: ndiyo iliyoyala, maana siku zote mbili za kunakili shamba halikuwa na mlinzi. Hawakuacha hata cha kupanda.

Basi futa nambari ya kwanza hadi ya tano. Leo hii nampigia dada yangu Verdiane, aliyeolewa Ngungu kule Masisi, anitafutie mfuko wa mbegu na kuupakia kwenye ndege ya Ijumaa, ile ile ya Papa Gakwaya. Mvua zimeshaanza, mbegu zikichelewa juma moja, hatuna msimu mwingine. Nakuomba kwa magoti, Papa Gakwaya asichelewe hata dakika moja. Abiria wakitaka kushuka kutazama wanyama, wakatazwe.

Usamehe mwandiko wa hapa mwisho. Kalamu Nicole ameichukua, naandika kwa makaa.